Toroli za Unosumai

Tarehe 1 Septemba 1923, zikiwa zimebaki dakika mbili kutimia saa sita mchana, majiko yalikuwa yakiwaka Tokyo na Yokohama kwa ajili ya chakula cha mchana. Ndipo ardhi ilipotikisika. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 7.9, na nyumba za mbao zikaangukia moto. Watu wapatao 105,000 walifariki, wengi wao kwa kuungua. Katika mtaa wa Honjo, umati ulikimbilia kiwanja kipana kilichowahi kuwa na bohari ya nguo za jeshi, kila mtu na mzigo wake. Cheche zikashika mizigo, na watu karibu 38,000 wakateketea mahali pale pale walipodhani wamepona.

Mwaka 1960 serikali ya Japani iliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya taifa ya kujikinga na maafa. Kwa watoto wadogo, hata hivyo, sheria ilikuwa imekwisha kutangulia. Kanuni za mwaka 1948 za vituo vya kulelea watoto zinaagiza mazoezi ya kuzima moto na kujiokoa yafanyike angalau mara moja kila mwezi. Mtoto anayepokelewa kituoni akiwa bado ananyonya huondoka akiwa na miaka sita, amekwisha kufanya mazoezi hayo zaidi ya mara 50.

Wingi huo una maana. Huwezi kumweleza mtoto wa miaka mitatu habari za miamba inayosuguana chini ya bahari, na hata ukimweleza, ardhi ikitikisika atasahau yote na kulia. Usiosahau ni mwili wake. Kwa hiyo walimu humfundisha kupiga magoti, kuinamisha kichwa na kukifunika kisogo kwa mikono, akijikunja kama jongoo aliyeguswa. Wanaokaa kwenye viti huwa na ushungi mnene uliojazwa pamba, vazi lililotokana na lile la kujikinga na mabomu wakati wa vita. Siku za kawaida shule nyingi huutumia kama mto wa kukalia, kengele ikilia huvaliwa kichwani. Amri za kutoka darasani ni nne tu: usimsukume mwenzako, usikimbie, usiongee, usirudi nyuma. Wasioweza kutembea hupakiwa kwenye toroli kubwa zenye kingo, zile zile wanazopelekewa matembezini, ili siku ya hatari wasiogope chombo wasichokijua.

Swali gumu zaidi ni la Honjo: mkitoka, mwende wapi?

Unosumai ni kitongoji cha mji wa Kamaishi, kwenye pwani ya Sanriku iliyopigwa na tsunami mwaka 1896 na tena 1933. Kuanzia mwaka 2004, Profesa Katada Toshitaka wa Chuo Kikuu cha Gunma alifanya kazi na walimu wa mji huo. Aliwaambia wanafunzi jambo ambalo watu wazima hawapendi kulisikia: msiiamini ramani. Ramani ya hatari ilionyesha kwamba shule ya msingi ya Unosumai na sekondari jirani yake hazitafikiwa na maji.

Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, lilikuja tetemeko la ukubwa wa 9.0. Wanafunzi wa sekondari walitoka mbio kuelekea mlimani. Wale wa msingi, waliokuwa wameanza kupandishwa ghorofa ya juu, waliwaona wakubwa wao wakikimbia, wakawafuata. Walipofika kimbilio la kwanza waliona genge la nyuma yake limeporomoka, wakapanda zaidi. Kisha wakapanda tena. Njiani walikutana na walezi wa kituo cha watoto wadogo, wengine wakibeba watoto, wengine wakisukuma toroli. Wanafunzi wa sekondari wakashika toroli na kusaidia kubeba watoto. Maji yalizifunika shule zote mbili. Katika mji mzima, wanafunzi karibu 3,000 wa msingi na sekondari waliokoka.

Magazeti yaliita tukio hilo muujiza. Naona neno hilo linawanyima walimu haki yao, kwa kuwa kazi ile ilikuwa ya miaka. Tena linafunika habari ya upande wa pili. Humo humo Unosumai kulikuwa na jengo jipya lililoitwa kituo cha kujikinga na maafa, lililofunguliwa mwaka 2010. Halikuwa limeteuliwa kuwa kimbilio la tsunami, lakini lilikuwa karibu, wazee walilifikia bila taabu, na mazoezi yalikuwa yakifanyiwa humo. Siku ile watu walikwenda walikozoea. Zaidi ya 160 wanakadiriwa kufa ndani yake, wakiwemo wafanyakazi wa chekechea ya jirani. Nao walikuwa wamejifunza kwa kurudia, lakini walikuwa wamezoea mahali pasipofaa.

Kile kituo hakipo tena. Kilibomolewa, na mahali pake pakajengwa bustani ya kuwakumbuka waliofariki. Kwenye kiwanja cha shule mbili zilizofunikwa na maji ulijengwa uwanja wa raga, uliotumika katika Kombe la Dunia la mwaka 2019. Shule zenyewe zimejengwa upya mlimani.