SOMO LA HESABU NA HISTORIA: SIFURI NI YA NANI?

Msomaji mpenzi, kama ulisikiliza somo hili redioni bila karatasi, sasa chukua penseli. Kama huna, kijiti na mchanga wa Mbamba Bay vyatosha.

Chora mstari ulionyooka. Katikati tia 0: huo ndio ufuo wa Ziwa Nyasa. Kulia andika 1, 2, 3. Huko ni majini. Kushoto ni nchi kavu, nambari zote zilizo chini ya 0. Haya, 0 yenyewe ni ya nani?

Usicheke. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wadachi walipatana huko Berlin kwamba mpaka wao ufuate ufuo wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa, hata mlango wa mto Songwe. Kwa maneno hayo mvuvi wa Lituhi akitia mguu majini amekwisha toka nchini kwao. Yeye hakuulizwa.

Sasa twende polepole. Tuseme 0 si ya nchi kavu. Simama popote kavuni, hata sehemu moja ya elfu kabla ya 0: bado una nafasi kidogo mbele na nyuma. Seti ambayo kila aliyemo ana nafasi pande zote huitwa seti wazi. Ukiipa nchi kavu hiyo 0, aliyesimama juu yake hana nafasi. Hatua yoyote ya mbele, hata iwe ndogo namna gani, yamtumbukiza. Seti si wazi tena.

Mawazo haya yalipangwa vizuri na Felix Hausdorff, Mdachi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1914. Agosti mwaka uo huo meli ya Waingereza, Gwendolen, ilifika Liuli, wakati ule ikiitwa Sphinxhafen, ikaipiga mizinga meli ya Wadachi, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa kavuni itengenezwe. Nahodha wake hata hakujua kuwa vita vimeanza! Hausdorff naye, kwa kuwa alikuwa Myahudi, alijiua mwaka 1942 mjini Bonn asipelekwe kambini.

Turudi mchangani. Haitupasi kuziandika seti wazi zote. Vyatosha vipande visivyo na ncha, kama toka 1 hata 2 bila 1 wala 2. Kila seti wazi yaundwa kwa kuviunganisha. Vipande hivyo huitwa msingi. Lakini chukua msingi mwingine: vipande vyenye ncha ya kushoto, visivyo na ya kulia. Nambari ni zile zile, ila sasa maji pamoja na 0 ni seti wazi, na nchi kavu ikiitwaa 0 haiwi wazi. Aliyechagua vipande ameamua kesi, kama walivyofanya wale wa Berlin.

Malawi yashika mapatano ya 1890, na azimio la Cairo la 1964 la kuheshimu mipaka ya wakoloni. Tanzania tangu 1967 yadai mpaka upite katikati ya maji. Mwaka 2011 Malawi ilipotoa kibali cha kutafuta mafuta ziwani, maneno yakawaka upya. Tena ufuo hautulii: kufikia 1915 maji yalikuwa yamepungua hata mto Shire ukaacha kutoka ziwani kwa miaka mingi, kisha yakapanda. Mvuvi alale wapi ili awe kwao?

Zoezi: fanya kila nambari iwe kipande peke yake. Je, nchi kavu pamoja na 0 ni wazi? Na bila 0? Andika majibu yote mawili kabla ya somo lijalo.