Namba zinaporudi kwenye filme

Kuko boite moja ya biskuti chini ya kitanda cha koko yetu, huku Butembo. Biskuti zilishaisha zamani. Ndani kuna negatifu za baba mdogo, aliyekuwa fotografe wakati filme za picha 36 zilikuwa bado zinapitia Kasindi. Tulipokimbia kutoka upande wa Beni, koko alibeba vitu viwili: sufuria na ile boite. Siye vijana tulimcheka. Tulikuwa na telefone, picha zetu zote zilikuwa humo.

Zile telefone leo hakuna hata moja inayowaka. Na disiki ambamo niliweka picha za kazi yangu ya mwisho wa masomo nayo ilikufa, siku umeme wa groupe ulipanda na kushuka mara tatu ndani ya saa moja. Zilikuwa picha zaidi ya elfu moja za robusta iliyonyaushwa na trakeomikozi, shamba kwa shamba. Ni ugonjwa ule ule ulioonekana Uganda mwaka 1993, kule Bundibugyo, ng'ambo ya Semuliki. Mashamba mengine niliyopiga picha hayafikiki tena, na mengine yalishang'olewa. Lakini negatifu za koko, unazinyanyua mbele ya dirisha na unaona ndoa, unaona watoto wa shule, unaona lori imekwama matopeni.

Njo nikajiuliza: haiwezekani kurudisha picha za ordinatere kwenye filme? Kumbe watu walishafanya hivyo kabla siye hatujazaliwa.

Miaka ya 1980 na 1990, ofisi kubwa na maabara za Ulaya na Marekani zilikuwa na kisanduku cheusi kilichounganishwa na ordinatere. Polaroid ilikuwa moja ya kampuni zilizovitengeneza. Ndani ya kisanduku kulikuwa na kioo kidogo kama cha televizyo ya zamani, cha rangi moja lakini kinachochora laini sana, na mbele yake kamera yenye filme. Picha ilichorwa kwenye kioo mstari kwa mstari, na si mara moja: mara tatu. Mara ya kwanza mbele ya kichujio chekundu, kisha kijani, kisha buluu, na filme ikakusanya zote tatu kuwa picha moja ya rangi. Mtumiaji aliandika amri moja kwenye dirisha jeusi la ordinatere: jina la faili na aina ya filme. Kisha alingoja dakika kadhaa.

Kwa nini aina ya filme? Hapo ndipo kazi yenyewe ilikuwa. Ordinatere inahesabu mwangaza kwa namba, lakini filme haihesabu vile. Ukiipa mwanga mara mbili, haiwi nyeusi mara mbili. Kila filme ina tabia yake, kama vile kila udongo unavyopokea mbolea kwa namna yake. Kwa hiyo programu ilikuwa na jedwali la kila filme, la kutafsiri namba kuwa mwanga. Ukikosea jedwali, uso wa mtu unatoka kama makaa.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kilimo, acheni niseme na hii. Kinachoshika chembe za fedha kwenye filme ni jelatini, na jelatini inatoka kwenye mifupa na ngozi za ng'ombe. Mwaka 1925 Samuel Sheppard wa Kodak aligundua kwa nini jelatini nyingine zilifanya filme ione mwanga vizuri kuliko zingine: zilikuwa na kemikali yenye salfa, ile inayopatikana kwenye haradali, mmea ambao ng'ombe wanaweza kula malishoni. Mambo ya picha yalipitia tumboni mwa ng'ombe! Tulipokuwa tunasoma malisho, hakuna aliyetuambia hiyo.

Sinema nayo ilifuata njia ile. Mwaka 1993 filme ya Snow White ya Disney, iliyotoka 1937, ilisomwa yote picha kwa picha kwa mashini za Cineon za Kodak, ikasafishwa ndani ya ordinatere, kisha ikaandikwa upya kwenye filme. Baadaye projekta za video zikaenea, hakuna aliyehitaji tena visanduku vile vyeusi. Kodak iliacha kutengeneza projekta za diapozitifu mwaka 2004. Watu wakaona habari ya filme imeisha.

Haikuisha. Mwaka 2017 kampuni ya Piql ilifungua hifadhi ndani ya mgodi wa zamani wa makaa ya mawe kule Svalbard, Norwe, kwenye baridi ya kugandisha. Brazili na Meksiko zilikuwa za kwanza kupeleka nyaraka zao. Mwaka 2020 GitHub ilipeleka huko terabaiti 21 za programu, zimeandikwa kwenye rola 186 za filme kwa vidoti vyeusi na vyeupe. Kusoma filme, kwa lazima, kunahitaji mwanga na lenzi tu. Kusoma disiki yangu kunahitaji disiki izunguke, na haizunguki.

Siye tuko wapi ndani ya hiyo historia? Tuko ndani, lakini si kama wenye kutunza. Miaka ya 1950 ndege za Wabelgiji zilipiga picha milima ya Kivu kutoka juu, na picha zile ziko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Watafiti walizitumia kulinganisha misitu na maporomoko ya ardhi ya Kivu ya jana na ya leo. Kwa hiyo tunajua kilima kilikuwa namna gani kabla koko hajaolewa, lakini kahawa niliyopiga mimi mwenyewe juzi juzi, sijui. Hiyo inaniuma. Na inaniuma pia kwamba mwanafunzi wa huku anapaswa kuandika barua mpaka Ulaya ili aone kilima cha kijiji chake.

Basi tumeamua kujaribu, mimi na baba mdogo. Hatuna kisanduku cheusi, ila kamera yake ya zamani bado inafanya klak. Picha chache za telefone zilizookoka kwa marafiki nitazigeuza kwa ImageMagick, programu ya bure iliyotolewa 1990. Unaandika amri, unaongeza -negate, picha inapinduka: cheusi kinakuwa cheupe. Tunafunga mapazia, kamera juu ya miguu mitatu mbele ya ekra, bila flash, tunaacha filme inywe mwanga sekunde nzima. Kwa kuwa filme nayo inapindua, itatoka picha iliyo sawa, ambayo mtoto yeyote ataisoma dirishani. Itakuwa nyeusi na nyeupe, maana rangi za filme zinafifia lakini fedha inakaa, mradi unyevu na ukungu visiingie kwenye boite.

Filme ni moja, tumeiagiza Kampala. Picha 36, basi. Mimi nilitaka 20 ziwe za mikahawa. Baba mdogo alikataa. Alisema, «Weka kwanza watu, na uandike majina yao.» Tumebishana siku tatu. Mpaka jana jioni tulikuwa tumekubaliana juu ya 22, na kati ya hizo mikahawa ni minne.