Mathe Ana Shida ya Mgongo? Soma Hii Kabla Ununue Ndai Isiolo

Kama mathe ama buda anasumbuliwa na diski ya mgongo na mnaishi Isiolo, kununua gari si story ya kuringa tena. Nairobi ni karibu kilomita 280, na kila tuta la njiani atalihisi yeye, si wewe.

Kwanza, mnapita wapi? Meru, Nanyuki, Nairobi, hata Moyale, ni lami. Gari ya chini itawafikisha fiti. Lakini kama ushago ni Merti, ukitoka lami ni changarawe na mashimo, na hiyo hesabu inabadilika.

Hapa ndio wasee wengi huchomeka. Wanadhani ndai kubwa ndio laini. Zii! Hilux na Land Cruiser pikapu ziko na springi za mapande ya chuma nyuma, kama lori. Zimeundwa kubeba mzigo, kwa hivyo zikiwa tupu zinarusha mtu. Uliza yeyote amewahi kupanda Hilux ya miraa ikirudi bila magunia.

Premio hutulia kwa lami. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni milimita 2,700, Vitz ni 2,510, na gari refu halichezichezi sana kwa matuta. Noma ni kiti: kiko chini, na mtu wa mgongo mbaya akiketi, kutoka ni vita. Ndio maana mimi ningechukua Subaru Forester. Kiti kiko kimo cha makalio, mgonjwa anaketi halafu anazungusha miguu ndani. Kila gurudumu hucheza kivyake, kwa hivyo shimo la kushoto halitingishi upande wote. Mafuta itakunywa, lakini si wewe unaumwa?

Cheki tairi pia. 185/65 maana yake ukuta wa mpira ni asilimia 65 ya upana, kama milimita 120. Rimu kubwa za kishua za 225/45 zinakuachia 101 tu, na huo mpira ndio mto wa kwanza wa mgonjwa. Upepo usizidi ile namba imeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Njiani mathe akae mbele. Kiti cha nyuma kabisa cha Noah kiko karibu juu ya ekseli, kinadunda vibaya. Mwekee taulo limekunjwa kiunoni, na msimame kila saa anyooshe miguu.

Kabla utoe doo, mgonjwa mwenyewe aketi ndani nusu saa, barabarani, si kwa yadi. Fundi aangalie shokabsoba na bushi, juu zikiisha hata Forester inakuwa mkokoteni.

Ukiagiza Japan, gari lisizidi miaka 8. Na kama hali ya mzazi imefika kiwango cha ulemavu, msajili NCPWD kwanza. Kuna msamaha wa ushuru wa magari kwa watu wenye ulemavu, na maombi hupitia KRA. Uliza masharti mapema, gari likishafika Mombasa utakuwa umechelewa.