Godoro: Kutoka Jani la Mgomba hadi Sponji

Binadamu humaliza karibu theluthi moja ya maisha yake usingizini. Walakini historia husimulia mengi juu ya viti vya wafalme, na machache mno juu ya malalo ya raia. Hebu tuyatazame malalo hayo.

Manyatta, katika nchi ya Embu, imekaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Usiku wake ni wa baridi na migomba yake ni mingi. Hapo kale wenyeji walilala juu ya vitanda vya miti vilivyotandikwa ngozi. Magunia yalipofika, wengi waliyajaza majani makavu ya mgomba au nyasi. Godoro la namna hiyo halikuwa na gharama, kwa maana lilitoka shambani. Lakini majani husagika yakawa vumbi, na kunguni hupata maficho.

Pwani nako watu walitumia sufi na usumba wa nazi. Usumba ni mgumu, nao hupitisha hewa. Sufi ni nyororo na nyepesi, wala haipendi kunywa maji. Ila hushikamana mabonge, basi shurti ianikwe juani na kuchambuliwa.

Mwaka 1929 mafundi wa kampuni ya Dunlop, Uingereza, waliupiga utomvu wa mpira hata ukafanya povu. Mwaka 1937 Otto Bayer na wenzake, Ujerumani, waligundua poliyurethani, na katika miaka ya 1950 sponji laini ikaanza kutengenezwa kwa wingi. Kemikali mbili za majimaji huchanganywa na maji kidogo. Gesi huzaliwa ndani yake, na mchanganyiko huumuka mfano wa unga uliotiwa hamira. Ukishakauka hukatwa vipande. Godoro hili ni jepesi: mwanafunzi wa bweni aweza kulikunja, akalifunga kamba na kulichukua begani. Lakini likiwa hafifu hubonyea upesi, wala likitupwa haliozi likawa mbolea kama jani la mgomba.

Kubwa kuliko hayo ni moto. Pamba aghalabu hufuka polepole. Sponji isiyotiwa dawa huwaka kwa haraka na kutoa moshi mzito wenye sumu, uuao kabla ndimi za moto hazijafika. Mwaka 1979 duka moja la Manchester liliungua, moto ukianzia penye fanicha za sponji, wakafa watu 10. Mwaka 1988 Uingereza ikatunga kanuni kali juu ya fanicha.

Nchini Kenya, wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli mwaka 2001, na watoto 21 huko Endarasha, Nyeri, mwaka 2024. Asili ya misiba hiyo si moja, wala hatusemi kwamba godoro ndilo lililowasha moto. Lakini bweni lililosongamana magodoro ni ghala la kuni. Ndiyo sababu mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 uliagiza milango ya mabweni ifungukie nje, na madirisha yasiwe na vyuma.

Basi hatuwaambii vijana warudie magunia ya babu zao. Kila kitu kipya huja na faida yake na deni lake. Mwenye kulala juu ya sponji na aufahamu mlango wa kutokea kabla hajazima taa.