KINJIKITILE NGWALE: ALINYONGWA VITA IKIANZA, NA KILOSA YETU IKATAJWA

Naandika kutoka Magomeni, ile ya Kilosa, siyo ya Dar, msije mkachanganya. Leo naweka historia kidogo. Wengi tumesoma Maji Maji sekondari, tukakariri sababu na matokeo, mtihani ukapita, tukasahau. Mimi nimekulia wilaya hii na sikuwahi kuambiwa darasani kwamba jina la Kilosa limo kabisa ndani ya kisa cha Kinjikitile. Kwa hiyo nimekusanya ya muhimu, mwenye dakika zake kumi asome.

KWA NINI NAMWITA PADRI WA VITA

Majeshi mengi duniani yana padri au shehe wa kikosi. Kazi yake si kupiga risasi. Anawaombea askari, anawatia moyo, anawafariji wanaokufa. Wapo waliouawa huko huko vitani na nchi zao zinawaadhimisha mpaka leo.

Sisi mwaka 1905 hatukuwa na jeshi moja lenye vyeo. Wapiganaji walikuwa wakulima, na kila kabila lilikuwa na wakubwa wake. Lakini mtu wa kuwaombea na kuwapa imani alikuwepo, naye ndiye Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, upande wa Rufiji. Hakuwa kamanda. Kuongoza mapigano kulikuwa na watu kama Abdallah Mapanda kule Liwale na Songea Mbano kwa Wangoni. Yeye kazi yake ilikuwa roho za watu.

ALIANZAJE

Wazee waliohojiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 walisimulia hivi. Mwaka 1904 Kinjikitile alishikwa na pepo aitwaye Hongo, akaingia kwenye maji ya mto na kuzama. Ndugu zake walijua amekufa. Kesho yake akatoka akiwa mkavu, akaanza kutabiri na kufundisha.

Watu wakaanza kumiminika Ngarambe. Habari zilisambazwa kwa siri, mtu kwa mtu, mnong'ono ambao Wamatumbi waliuita njwiywila. Aliyefika alipewa dawa ya maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Walioipata waliamini risasi za Mjerumani zitageuka maji.

Na walikuwa na sababu ya kumsikiliza. Tangu mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ililazimisha mashamba ya pamba ya pamoja. Unaacha shamba lako unakwenda kulima pamba ya mkubwa, na malipo yenyewe ni madogo mpaka wengine waligoma kuyapokea. Juu ya hapo kuna kodi, na ukichelewa ni viboko. Yeye akawaambia: sisi ni wamoja, tuache ugomvi wa makabila. Kwa wakati ule hilo lilikuwa neno zito kuliko dawa yenyewe.

KIFO CHAKE

Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na hiyo ndiyo ilikuwa kutangaza vita. Wajerumani walikuwa wameshamkamata Kinjikitile. Tarehe 4 Agosti 1905 wakamnyonga Mohoro. Vita ilikuwa na siku chache tu, yaani hakuona hata robo yake.

Sasa hapa ndipo sisi wa Kilosa tunapoingia. Inasimuliwa kwamba kabla ya kunyongwa aliwaambia wanaomuua kwamba wanajisumbua, dawa yake imeshafika mbali, imeshafika Kilosa na Mahenge.

Mtu ana kamba shingoni anaitaja Kilosa! Na hakusema uongo. Wavidunda wa milima yetu hii ya upande wa Kidodi waliingia vitani, pamoja na baadhi ya Wasagara. Kazi ya kugawa dawa ilichukuliwa na ndugu yake Njugumaina, na wajumbe walioitwa hongo wakaipeleka toka kabila moja hadi jingine.

SWALI GUMU: ALIWADANGANYA WATU?

Hili lazima tuliseme, tusijifanye hatulioni. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji walishambulia boma la Mahenge wakiwa na imani ya maji. Ndani kulikuwa na bombomu, ile bunduki inayomimina risasi mfululizo. Watu waliangushwa kwa mamia. Hao walikuwa baba na kaka za watu, na walikwenda kifua mbele kwa sababu waliambiwa hawatakufa. Mtu akisema Kinjikitile ana lawama, simshangai.

Lakini tuangalie mambo mawili.

La kwanza, kumwomba Mungu vitani si jambo la "washenzi" kama Wajerumani walivyotuita. Wanajeshi wa Prussia kwao Ujerumani walivaa mikanda yenye bamba lililoandikwa kwa Kijerumani kwamba Mungu yuko nao. Nayo haikuzuia risasi. Mbona hao hatuwacheki?

La pili ndilo lililonifanya niandike. Kama vita ile ilikuwa ni maji tu, ingekwisha Mahenge. Oktoba mwaka ule ule Wangoni walivamiwa kambini, na inasimuliwa kwamba walitupa vichupa vyao vya dawa wakipiga kelele kuwa maji ni uongo. Yaani walishajua. Na bado vita iliendelea, safari hii kwa kuvizia porini, mpaka mwaka 1907. Chabruma wa Wangoni hakusalimu amri, alipigana mpaka akavuka kuingia Msumbiji.

Sasa jiulize, mtu aliyeshaona dawa haifanyi kazi anapigana kwa ajili ya nini? Ni ule umoja aliohubiri Kinjikitile. Maji yalishindwa ndani ya miezi mitatu. Umoja ulidumu miaka miwili, na waliouvunja hawakutumia risasi peke yake, walitumia njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula makusudi. Hesabu yao wenyewe ilisema Waafrika 75,000 walikufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Upande wa pili walikufa Wazungu 15 na Waafrika 389 waliowapigania.

Desemba 1956 Mwalimu Nyerere aliposimama Umoja wa Mataifa kudai uhuru aliikumbusha dunia vita hii, kwamba watu wetu walipigana kwa sababu hawakukubali mgeni awe na haki ya kuwatawala. Miaka 51 baada ya kamba ya Mohoro, mbegu ilikuwa bado hai.

TUSICHANGANYE NA TAMTHILIYA

Waliosoma "Kinjeketile" ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, wakumbuke kwamba mwandishi mwenyewe alisema mhusika wake ni wa kubuni kisanaa, si picha kamili ya mtu wa historia. Hata jina limeandikwa tofauti kidogo. Msijibu swali la historia kwa kutumia tamthiliya, mtapigwa kosa.

TUNAMKUMBUKAJE

Songea kuna makumbusho ya Maji Maji, na kila tarehe 27 Februari wanawakumbuka mashujaa 67 walionyongwa pale mwaka 1906. Taifa zima lina Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai. Mimi naona siku hiyo sisi wa Kilosa tuna deni letu. Mtu ambaye hakupata kaburi la heshima wala cheo cha jeshi alitutaja akielekea kufa, kwa kuamini kwamba huku kuna watu watakaoendeleza. Kumheshimu si lazima kuamini maji yake. Inatosha kujua jina lake, tarehe yake, na watu wa kwetu walioitikia.

Wadau wa Vidunda, Kidodi, Zombo, Mikumi na Ulaya (ya kwetu Kilosa, siyo ya ng'ambo), babu na bibi zenu walisimuliwa nini? Waulizeni sasa hivi wangali hai, halafu mtuwekee hapo chini kwenye maoni. Majina ya mababu waliokwenda ndiyo tunayoyataka hasa, maana vitabuni hayamo.

Tupo pamoja.