Nyama choma ya Bunda na kopo la Kawe

Wadau, juzi nilikuwa Mara. Nilitoka Musoma, nikapitia Butiama kuzuru kaburi la Mwalimu pale Mwitongo, halafu wakati wa kurudi Mwanza nikashuka Bunda kula. Nyama choma nusu kilo, ndizi, chumvi na pilipili pembeni. Nilishiba na nauli ikabaki.

Jamaa tuliyekaa naye meza moja akasema nyama tamu duniani iko Argentina. Nikacheka. Sisi na Argentina tulishakutana zamani, kwenye kopo!

Kampuni ya Liebig ilianza mwaka 1865 kuchemsha nyama ya ng'ombe wa Amerika Kusini mpaka iwe rojo zito la supu, kwanza Fray Bentos, Uruguay, baadaye na Argentina. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni hiyohiyo ikaingia ubia na serikali ya kikoloni hapa kwetu. Ndiyo ikazaliwa Tanganyika Packers, Kawe. Ng'ombe wa bara wakageuka nyama ya kopo, ikapanda meli.

Kiwanda kilishakufa. Vijana wa Dar wanalijua jina kwa sababu ya viwanja vya mikutano tu. Machinjio mapya yapo, na nyama yetu inafika Uarabuni, lakini sifa bado ni za Argentina. Wakati nao wanachoma kama sisi tu: mkaa, chumvi na subira.

Kama mzee wako aliwahi kufanya kazi Kawe, muulize leo, kabla hadithi haijaondoka naye.