Kuasili mtoto mkubwa kutoka ng'ambo (Marekani)

Familia ya Marekani inayoasili mtoto mkubwa kutoka nchi iliyojiunga na Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi hukimbizana na umri wake. Wazazi huanza na fomu I-800A, ya kuthibitisha kuwa wanafaa, kisha I-800 ya mtoto mwenyewe, ambayo kwa kawaida huwasilishwa kabla hajatimiza miaka 16. Ndugu wa damu wa mtoto aliyeasiliwa na wazazi haohao huongezewa muda hadi kabla ya 18. Nyaraka zisizo za Kiingereza hutafsiriwa, na mfasiri hutia saini kuthibitisha tafsiri yake.

Mkataba unataka mtoto apewe ushauri na matakwa yake yazingatiwe, kulingana na umri na upevu wake. Sharti hili lina uzito kuliko mihuri yote: mtoto wa miaka 12 ana lugha yake, marafiki, pengine na wadogo zake anaowaacha.

Mwenye viza ya IH-3, aliyekwisha kuasiliwa kabla ya kusafiri, huwa raia moja kwa moja akishaingia Marekani na kuishi na wazazi wake kabla ya miaka 18. Wa IH-4 huasiliwa akiwa Marekani. Mahakama ikichelewa mpaka akatimiza 18, uraia huo wa moja kwa moja humpita.